Kabla hujalipia kupigiwa Windows upya, soma skrini inasema nini

Swali: Shikamoo fundi. Nina steshenari ndogo hapa Moshi, maeneo ya Majengo. Nachapa, natoa kopi, na msimu huu wanafunzi wengi wanakuja niwajazie maombi ya vyuo na ya mikopo mtandaoni. Nina kompyuta tatu za mtumba. Ya kwanza kila asubuhi inakataa tovuti karibu zote, inasema muunganisho si wa faragha. Ya pili inaleta ukurasa mweupe mtupu, au fomu inafunguka lakini vitufe havibonyezeki. Ya tatu iko vizuri, ila jioni inaleta 502 au 504, na juzi mwanafunzi alibonyeza kutuma, ukurasa ukagoma, mpaka sasa hatujui fomu imekwenda au la. Kuna fundi amekuja akasema zote zina virusi, zipigwe Windows upya zote tatu. Nimlipe?

Jibu: Marahaba dada, na pole kwa usumbufu. Usimlipe bado. Kwa ulivyoeleza, hizo kompyuta zina shida tatu zisizofanana, na kupiga Windows kunagusa moja tu. Ya kwanza naona ni saa. Ya pili programu zake zimepitwa na wakati. Ya tatu ni nzima, kinachogoma kiko mbali kabisa na duka lako.

Nitazieleza moja moja, lakini kwanza tuangalie namna ya kujua shida iko upande gani, maana hapo ndipo pesa za watu zinapopotea. Hapa Arusha mtu anakuja na CPU kwenye bodaboda kutoka Sakina hadi mjini, anasema intaneti imekufa, kumbe ni tovuti moja tu ndiyo iliyolala. Angelijua hilo kwa simu yake akiwa amekaa kwake.

Jaribio lenyewe ni hili. Chukua simu, zima waifai ya dukani, washa data ya laini ya kampuni nyingine, kisha fungua tovuti ileile. Ikigoma na huko kwa ujumbe uleule, tovuti ndiyo yenye shida, na hakuna fundi wa Moshi wala wa Arusha atakayeitengeneza. Ikifunguka, irudishe simu kwenye waifai ya dukani ujaribu tena. Ikigoma sasa, angalia rauta, bando au kampuni inayokupa mtandao. Ikifunguka kwenye waifai ya dukani lakini kompyuta bado inakataa, hapo ndipo unaweza kuanza kuishuku kompyuta. Fanya hivyo kabla hujafuta wala kubadilisha chochote.

Cha pili, soma kilichoandikwa. Watu wengi wakiona ukurasa wa kosa wanaufunga haraka, na wakija kwangu wananiambia "iliandika maneno ya Kizungu". Maneno hayo ndiyo dalili. Kosa lenye namba ya tarakimu tatu maana yake umefika kwenye seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, nayo imekujibu. Namba ikianza na 4, seva inalalamikia kile ulichoiomba. 404 ni ukurasa usiokuwepo, na mara nyingi ni kiungo cha mwaka jana ambacho bado kinazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. 403 umefika ila umekataliwa kuingia. Hapo angalia kama kuna mteja aliyeweka kwenye brauza (programu ya kufungulia tovuti, kama Chrome) VPN ya bure, yaani programu inayokuonyesha kama uko nchi nyingine, kwa sababu baadhi ya tovuti huwafungia wanaoonekana kuwa nje ya nchi. Namba ikianza na 5, seva yenyewe imeshindwa kazi, na wewe huna cha kurekebisha.

Kosa lisilo na namba, lenye herufi kubwa zinazoanza na ERR au DNS, kwa kawaida linamaanisha hamjafikia hata hatua ya kuzungumza na tovuti. DNS_PROBE_FINISHED_NXDOMAIN ni jina la tovuti kutopatikana. Kagua herufi kwanza, hasa mwisho wa anwani, maana wengi huandika .co.tz mahali pa .go.tz. Kama anwani ni sahihi na kwenye laini nyingine inafunguka, ingia kwenye mipangilio ya mtandao ya Windows uweke DNS (huduma inayotafuta tovuti kwa jina lake) ya 1.1.1.1 au 8.8.8.8, ujaribu tena. Ukiona ERR_CONNECTION_TIMED_OUT kwenye kila tovuti, angalia salio la bando kabla ya kitu kingine chochote.

Sasa kompyuta ya kwanza. Neno lako "kila asubuhi" ndilo lililonionyesha njia. Nadhani jioni ukifunga duka unazima swichi ya ukutani kwa kuogopa umeme, na unafanya vyema. Lakini ndani ya kompyuta kuna betri ndogo ya duara inayoendesha saa wakati umeme haupo. Kwenye mashine za mtumba betri hiyo mara nyingi imeshakufa. Umeme ukikatika, saa inarudi kwenye tarehe ya kiwandani, miaka kadhaa nyuma, na asubuhi kompyuta inaamka ikiamini ni mwaka huo.

Kila tovuti inayoanza na https ina cheti cha usalama, na cheti hicho kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, kama leseni ya udereva. Brauza ndiyo trafiki wa barabarani. Trafiki akishika kalenda mbovu, kila leseni atakayoonyeshwa ataiona haifai, hata kama madereva wote ni halali. Ndiyo maana ujumbe unakuja kwa karibu tovuti zote, siyo moja. Ukitazama chini ya onyo hilo utakuta ERR_CERT_DATE_INVALID, na wakati mwingine brauza yenyewe inakuambia wazi kwamba saa yako iko nyuma.

Tazama kona ya chini kulia ya skrini kesho asubuhi kabla hujafungua chochote. Tarehe ikiwa imekosewa, umeshapata jibu. Bonyeza hapo kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua kurekebisha tarehe na saa, uweke kwa mkono kwanza, halafu ndipo uiruhusu Windows ijipange na saa ya intaneti. Nakuambia uanze na mkono kwa sababu tarehe ikiwa imerudi nyuma miaka mingi, Windows inaweza kukataa kujisahihisha. Kanda ya saa iwe ile iliyoandikwa Nairobi, UTC+03:00, ndiyo yetu. Na ukiweka saa, kumbuka kompyuta haijui saa zetu: saa mbili asubuhi ni 8:00, siyo 2:00. Nimeikuta hiyo kwenye ofisi za watu makini kabisa. Tovuti zinafunguka vizuri, lakini namba za siri za muda zinazotengenezwa na programu za uthibitisho zilizomo kwenye kompyuta hiyo zinakataliwa kutwa nzima, na hakuna anayejua kwa nini.

Kurekebisha saa ni dawa ya leo tu. Dawa ya kudumu ni betri mpya. Inaitwa CR2032, ya volti 3, ileile inayotumika kwenye rimoti nyingi za magari, na inapatikana kwa mafundi saa na maduka ya vifaa vya umeme. Gharama yake haifiki hata robo ya kupigiwa Windows. Chomoa waya wa umeme ukutani, siyo kuzima swichi tu, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie kidogo ili umeme uliobaki uishe. Fungua ubavu wa CPU. Utaiona betri imelala kwenye kikombe cheusi cha plastiki, imebanwa na kijino cha chuma pembeni. Sukuma kijino kwa kucha au kibisibisi kidogo, itaruka yenyewe. Weka mpya, upande ulioandikwa alama ya kujumlisha ukitazama juu. Ukiwasha mara ya kwanza, mashine inaweza kukuuliza tarehe kabla ya kuendelea. Iweke, basi.

Kama saa iko sawa na onyo linakuja kwa tovuti moja pekee, mwenye tovuti ameacha cheti chake kiishe. Inatokea mara nyingi. Vyeti vya bure vya Let's Encrypt, ambavyo tovuti nyingi hutumia, vimezoeleka kuwa vya siku 90, na mfumo wa kuvihuisha ukikwama, tovuti inalala. Hapo mara nyingi kuna sehemu ya kubonyeza "endelea hivyo hivyo". Kusoma tangazo unaweza, lakini usiibonyeze kwenye ukurasa wa pasiwedi au wa malipo, hata mteja akikusihi vipi. Onyo hilo hilo ndilo linalotokea mtu anapojiweka katikati yako na tovuti, na kwa macho huwezi kutofautisha.

Kompyuta ya pili, ya ukurasa mweupe. Anza hivi: fungua dirisha fiche (Incognito) la Chrome kwa kubonyeza Ctrl, Shift na N pamoja, kisha ingia tovuti ileile. Dirisha fiche halitumii kuki za zamani (vijifaili ambavyo tovuti huacha kwenye brauza ili ikukumbuke) wala kumbukumbu ya muda iliyohifadhiwa, na kwa kawaida halitumii viendelezi, yaani programu ndogo zinazoongezwa kwenye brauza. Fomu ikifanya kazi humo, kompyuta yako haina ugonjwa wowote, ni uchafu wa brauza. Rudi dirisha la kawaida, bonyeza Ctrl, Shift na Delete, ufute kumbukumbu ya muda na kuki. Bado ikigoma, zima viendelezi kimoja kimoja mpaka umpate mkorofi. Vizuizi vya matangazo ndivyo vinavyoongoza. Mwingine anayesahaulika ni tafsiri ya moja kwa moja: brauza ikitafsiri fomu kwenda Kiswahili au Kiingereza, inabadilisha maandishi ndani ya ukurasa, na kwenye tovuti za kisasa hilo linatosha kuvifanya vitufe vife. Rudisha ukurasa kwenye lugha yake ya asili kabla ya kujaza.

Ikigoma hata kwenye dirisha fiche, tazama umri wa brauza. Nenda kwenye menyu, sehemu ya msaada, "Kuhusu Chrome". Ukikuta toleo la 109 na halitaki kupanda, hiyo mashine ina Windows 7 au 8. Chrome iliacha kutoa matoleo mapya kwa Windows hizo mwanzoni mwa 2023. Tovuti zinaendelea kujengwa kwa lugha ambayo brauza hiyo haiijui, kwa hiyo inasoma nusu, inakwama, inakuachia weupe. Hapa fundi wako ana haki: Windows inatakiwa ibadilishwe. Ila mwulize anaweka ipi. Windows 7 nyingine ni kutupa pesa. Windows 10, Microsoft waliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Brauza mpya bado zinaikubali, lakini usiifanye mpango wa miaka mingi. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu, ambayo mashine nyingi za mtumba hazina. Kama ni ya zamani sana na kazi yake ni kujaza fomu na kuchapa tu, mimi ningeweka Linux Mint, mfumo unaokaa mahali pa Windows, ni ya bure na brauza zake zinapata matoleo mapya. Kwanza hakikisha printa yako inaelewana nayo, maana bila printa steshenari haipo.

Na kabla mtu hajagusa diski hiyo, nakili kazi zote kwenye diski ya nje. Barua, CV za wateja, mitihani ya shule uliyochapa: kupiga Windows upya kunaweza kufuta vyote, na wapo mafundi ambao hawaulizi.

Kompyuta ya tatu. 502 na 504 maana yake kuna seva ya mbele inayopokea watu na seva ya nyuma inayofanya kazi yenyewe. 502 seva ya mbele imepewa jibu bovu, 504 imesubiri jibu mpaka muda ukaisha. Jioni wanafunzi wa nchi nzima wako kwenye mfumo mmoja, na tarehe ya mwisho ikikaribia hali inakuwa mbaya zaidi. Wewe unachoweza kubadilisha ni muda wako tu. Fungua mapema, jaza kabla ya saa mbili asubuhi, na mfumo ukiwa na kitufe cha kuhifadhi, hifadhi kila ukurasa.

Naomba nikae kidogo kwenye lile la mwanafunzi aliyebonyeza kutuma, kwa sababu hapo pesa ya mzazi inaweza kupotea. 504 haimaanishi kwamba fomu haikwenda. Seva ya mbele imechoka kusubiri, lakini ya nyuma inaweza kuwa imemaliza kazi na kuandika kila kitu. Kwa hiyo mtu akibonyeza tena, au akipakia upya ukurasa na kukubali pale brauza inapouliza kama utume fomu tena, anaweza kutengeneza ombi la pili au namba ya pili ya malipo. Funga ukurasa huo. Subiri dakika kadhaa, ingia upya kuanzia ukurasa wa kwanza wa mfumo, utazame hali ya ombi. Angalia na ujumbe wa simu na barua pepe ya mwanafunzi. Kama malipo yameonekana na fomu haionekani, tunza risiti na upige picha ya skrini inayoonyesha saa, ndipo muwasiliane na wahusika. Usilipe mara ya pili ili "kujaribu".

Kuna namba nyingine mbili utakutana nazo. 413 ni faili kubwa mno. Cheti kilichoskaniwa kwa rangi na kwa ubora wa juu kabisa kinakuwa na megabaiti nyingi, wakati mfumo unataka faili dogo. Skani kwa dpi (kipimo cha ubora wa skani) 150 hadi 200, kwa rangi ya kijivu, na hakikisha maandishi na mhuri vinasomeka. 429 ni kuifungua tovuti au kubonyeza mara nyingi mno kwa muda mfupi. Kompyuta zako tatu na simu za wateja walio kwenye waifai yako zinaonekana kwa tovuti kama mtu mmoja, na ukitumia laini ya simu, kampuni inaweza kuwa imewaweka wateja wake wengi nyuma ya anwani moja ya mtandao. Acheni kubonyeza bonyeza, msubiri, itafunguka.

Zipo pia siku ambazo mtandao wenyewe wa nchi ni mgonjwa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Siku ya namna hiyo tovuti iliyowekwa kwenye seva za hapa nchini inaweza kufunguka huku za nje zikikwama. Ukiona hivyo, acha kuiwasha na kuizima rauta.

Kuhusu virusi, siwezi kukataa bila kuiona mashine, lakini nahisi najua kile fundi alichokiona. Vijisanduku vinavyochomoza kona ya chini vikisema kompyuta imeambukizwa mara nyingi ni arifa za tovuti ambayo mteja mmoja aliiruhusu bila kusoma. Ingia mipangilio ya brauza, sehemu ya arifa, ondoa tovuti zote usizozijua. Kisha endesha ukaguzi kamili kwa Windows Security, iliyomo ndani ya Windows 10 na 11.

Hujaniuliza hili, lakini nitakuambia kwa sababu linanihangaisha kwenye kila steshenari ninayoingia. Kompyuta zako zinatumiwa na watoto wa watu wengi. Mmoja akiondoka bila kutoka kwenye akaunti yake, anayefuata anafungua mfumo huohuo anakuta fomu ya mwenzake, na kwa haraka anaweza kubadilisha chaguo la chuo au namba ya simu. Wengine wanakuja kukulalamikia kwamba tovuti "imechanganya majina", kumbe ni kuki ya aliyetangulia. Kila mteja mfungulie dirisha fiche jipya, au hali ya mgeni ya brauza, na akimaliza funga madirisha fiche yote, siyo kichupo kimoja, maana yakibaki wazi yanakumbuka pamoja. Brauza ikiuliza kama ihifadhi pasiwedi, jibu ni hapana siku zote, na uende mipangilio uzime kabisa swali hilo. Zilizokwisha hifadhiwa zifute leo. Na pasiwedi ya mtoto aiandike mwenyewe kwenye karatasi aende nayo, isibaki kwenye daftari lako la dukani, hata kama unafanya hivyo kwa wema ili asisahau.

Anza na betri ya kompyuta ya kwanza, halafu toleo la brauza ya pili. Ya tatu iache kama ilivyo. Ikikusumbua tena, nitumie picha ya skrini nzima, siyo kipande: nataka kuona anwani juu, ujumbe katikati, na saa kule kona ya chini. Jina la mwanafunzi na namba yake ya mtihani vizibe kwanza.